Hivi kahawa ya moto inapoza mwili kweli, au wazee wa barazani wanatufunga kamba?

#1 Mkaa Baraza
Salaam wakuu. Joto la Kaskazi limeshika, hapa Unguja shati halikauki mpaka usiku. Wazee wa mtaani kwetu jioni wako barazani na dele la kahawa chungu inayofuka, kikombe juu ya kikombe, kashata pembeni. Ukiwauliza wanakwambia kahawa ya moto inatoa joto mwilini, na maji ya barafu ndiyo yanayoliongeza. Mimi shule nimesoma mpaka kidato cha nne. Mwili una nyuzi 37, kahawa ina 60 na zaidi, ukimimina cha moto ndani ya kisicho moto, joto linapanda. Lakini wallahi nikinywa naona nafuu. Nani anaongopa, fizikia au wazee? Naomba wajuzi, na matusi yabaki nje ya uzi.

#2 Naweka Mkeka
Nakaa hapa. Ngoja waje.

#3 Kichwa Ngumu
Uzi wa kahawa, maelezo chai.

#4 Ticha wa Fizikia
Mleta mada, hakuna anayeongopa. Umehesabu kinachoingia tu, hukuhesabu kinachotoka.

Mtu aliyekaa bila kufanya lolote anazalisha joto la wati 80 hadi 100. Ni ile balbu ya zamani ya wati 100, imewaka ndani yako hata ukiwa usingizini. Joto hilo lisipotoka, mwili wa mtu mzima utapanda kama nyuzi moja kila saa, na hufiki asubuhi. Kwa hiyo ngozi inanururisha joto kwenda kwenye vitu vilivyo baridi kuliko yenyewe, inapasha hewa inayoigusa, inapasha kiti ulichokalia, na jasho linakauka likiondoka na joto. Hewa ikifika nyuzi 35 hivi, ambazo ndizo za ngozi yenyewe, njia tatu za kwanza zimekwisha. Inabaki ya jasho peke yake.

Sasa hesabu. Kikombe cha barazani ni kidogo, tuseme mililita 60. Ukiinywa kahawa ikiwa na nyuzi 60, inakuongezea kilokalori 1.4. Gramu moja ya jasho ikikauka juu ya ngozi inaondoka na kilokalori 0.58. Kwa hiyo mililita mbili na nusu za jasho, nusu kijiko cha chai, zimeshalipa deni lote. Kahawa ikikutoa jasho zaidi ya nusu kijiko, umepata faida. Wazee wako sahihi.

#5 Nesi wa Zamu
Nakazia, ila Mwalimu hujasema nani anatoa amri. Ndani ya ubongo, chini katikati, kuna sehemu ndogo inaitwa haipothalamasi. Inapokea taarifa kutoka ngozini, uti wa mgongo, tumboni, na inapima damu inayopita pale pale. Ikiona joto limezidi inafungua mishipa ya damu ya ngozini ili damu ya moto ije juu. Ukiwa umetulia mahali pazuri, damu inayopita ngozini ni robo lita tu kwa dakika. Joto likiwa kali sana inaweza kufika lita sita hadi nane. Ndiyo maana watu wanazimia kwenye foleni za juani: damu imekwenda ngozini na miguuni, kichwani imepungua.

Kisha inaamuru tezi za jasho, ambazo mtu anazo kati ya milioni mbili na nne. Ikiona baridi inafanya kinyume: mishipa inabanwa, vinyweleo vinasimama, misuli inaanza kutetemeka ili izalishe joto.

#6 Binti Kibokoni
Mwalimu #4 hesabu yako tamu lakini ni ya darasani. Umesema jasho *likikauka*. Njoo Mombasa mwezi wa pili uone kama lakauka. Ladondoka. Jasho linalodondoka sakafuni halijaondoka na joto lolote, limekupunguzia maji na chumvi tu.

Na sisi huku juu ya kahawa twaweka bhajia na pilipili. Hiyo mwaielezaje? Pilipili haina moto hata kidogo, waweza kuitoa kwenye friji, na bado jasho lakutoka puani.

#7 Kichwa Ngumu
Ticha kimyaaa.

#8 Msoma Majarida
Dada wa Kibokoni ana hoja mbili, na zote nzito.

Kuhusu kukauka: chuo kikuu cha Ottawa, Kanada, walilijaribu jambo hili hili na matokeo yakatoka 2012. Wanaume waliendesha baiskeli maabara huku wakinyweshwa maji ya nyuzi 1.5, 10, 37 au 50. Waliokunywa ya nyuzi 50 walibaki na joto kidogo mwilini kuliko waliokunywa ya baridi, kwa sababu ongezeko la jasho lilizidi joto walilolinywa. Lakini hewa ya pale ilikuwa kavu, na feni ilikuwepo. Watafiti wenyewe walisema wazi kwamba jasho lisipokauka lote hesabu inageuka. Unguja na Mombasa hewa yake tunaijua.

Kuhusu pilipili: kwenye neva kuna mlango unaofunguka joto likifika nyuzi 43 hivi, ndio unaokwambia "moto huu, toa mkono". Kile kikali kilicho ndani ya pilipili kinaufungua mlango huo huo bila moto wowote. Ubongo unapokea taarifa ya moto, unatoa jasho. Mnanaa unafanya hivyo kwenye mlango wa baridi. David Julius aliugundua mlango wa pilipili 1997 na akapewa Nobel ya tiba 2021 pamoja na Ardem Patapoutian.

#9 Mkaa Baraza
2021 ndio mwaka wa Abdulrazak Gurnah wetu, ya fasihi. Ndiyo maana hiyo ya pilipili hatukuisikia, tulikuwa tunasherehekea.

Turudi. Kwa hiyo Ottawa wazee sahihi, Unguja wazee waongo? Mbona basi naona nafuu hapa hapa Unguja?

#10 Dr Mashaka
Kwa sababu ya muda unaokunywa. Joto la mwili si namba moja siku nzima. Liko chini kabisa saa kumi alfajiri, na linafika kilele saa kumi, kumi na moja jioni, halafu linaanza kushuka lenyewe. Tofauti ni nusu nyuzi hadi nyuzi moja. Wazee wako wanakunywa kahawa saa ngapi? Baada ya alasiri hadi isha. Jua limezama, upepo wa bahari umefika, wamekaa hawafanyi kazi, na mwili wenyewe unashuka. Wangekunywa maji ya bomba wangeona nafuu ile ile. Kahawa inachukua sifa isiyokuwa yake.

#11 Mkaa Baraza
Dr, saa sita mchana je? Madereva wa daladala Darajani wanakunywa saa sita mchana.

#12 Dr Mashaka
Na umewapima?

#13 Fundi Mafeni
Naomba nami nichangie kwa upande wangu wa kazi. Wateja wananiletea feni wanasema "fundi, feni haipozi chumba". Feni haijawahi kupoza chumba! Ukiiacha inazunguka chumbani peke yake, mota yake inaongeza joto. Feni inapoza mtu. Ngozi yenye jasho imezungukwa na hewa iliyokwisha kushiba maji, feni inaifukuza na kuleta nyingine ambayo bado ina nafasi. Kwa hiyo Mkaa Baraza, siri si kahawa, ni baraza. Chukua dele lako ukanywe chumbani madirisha yamefungwa, halafu urudi hapa utusimulie.

#14 Bint Maskati
Msalimike jamaa zangu. Hiyo ya feni msije nayo huku Oman mwezi wa sita. Mie nishawaambia wageni kutoka Unguja: ukiwasha feni mchana unajipulizia moto. Hewa ikiwa 44, kila upepo unaokugusa unakuongezea joto, haukupunguzii. Na usiku msidhani ni nafuu. Quriyat, mji wa pwani kusini ya Maskati, tarehe 26 Juni 2018 joto la siku nzima usiku na mchana halikushuka chini ya 42.6. Nasema kiwango cha CHINI, si cha juu. Wataalamu wa hali ya hewa walisema hakijapata kurekodiwa cha chini kilichokuwa juu vile duniani.

Kahawa tunakunywa vile vile, na halua na tende. Lakini tunainywa ndani, kiyoyozi kinanguruma.

#15 Ticha wa Fizikia
Basi Bint Maskati umenisaidia bila kujua. Kiyoyozi kinakausha hewa. Ukinywa kahawa chini ya kiyoyozi jasho lako linakauka kama la Ottawa.

#16 Kichwa Ngumu
Yaani unahitaji kiyoyozi ili kahawa ikupoze. Umetisha mwalimu.

#17 Msoma Majarida
Hapo kwa feni, wataalamu wenyewe hawajakubaliana ni nyuzi ngapi. Miongozo mingi ya afya ilisema ikipita 35 usitegemee feni. Shirika la Afya Duniani linasema 40. Wapo watafiti waliofanya hesabu wakasema kijana mwenye afya anayetoa jasho vizuri inamsaidia hadi 39, ila mzee ambaye tezi zake zimepungua nguvu inamdhuru mapema zaidi. Jambo lenyewe ni kama una jasho la kutosha la kupeperusha. Ukimlowesha mzee maji mwilini ndipo umuwekee feni, hesabu inabadilika tena.

Kitu cha kutazama si joto peke yake bali joto na unyevu pamoja. Chukua kipimajoto, kifunge kitambaa kibichi kwenye kidole chake, kipepee. Namba itakayosomeka ndiyo ngozi yako inaweza kushuka kwa jasho, chini ya hapo haishuki. Dar ikiwa 32 na unyevu asilimia 75, kitambaa kinasoma kama 28. Mwaka 2010 Sherwood na Huber waliandika kwamba kikifika 35 hata mtu mzima wa afya, yuko kivulini, uchi, feni inampuliza, hawezi kuishi saa nyingi. Mwaka 2022 chuo cha Penn State wakapima vijana kwenye chumba cha joto wakaona mwili unaanza kushindwa mapema zaidi, karibu na 31.

#18 Naweka Mkeka
28 na 31 si mbali wakuu. Mmenitoa usingizi.

#19 Mama Wawili
Hamjambo. Mimi wangu ni watoto. Mtoto akipata homa bibi yao anasema mfunike blanketi atoe jasho homa itoke. Zahanati wananiambia mvue nguo. Nani nimsikilize? Na kwa nini mtoto anatetemeka kwa baridi ilhali ukimgusa anachoma?

#20 Nesi wa Zamu
Dada hili ni muhimu kuliko kahawa ya hao.

Homa si mwili kushindwa kujipoza. Vijidudu vikiingia, kemikali fulani zinafika kwenye haipothalamasi na kuibadilishia lengo. Jana lengo lilikuwa 37, leo linasema 39. Mtoto yuko 37.5, lengo 39, kwa hiyo ubongo unaona yuko *chini*. Unambania mishipa ya ngozi, mikono na miguu inakuwa baridi, anatetemeka, anaomba blanketi. Akifika 39 kutetemeka kunakoma. Dawa ikifanya kazi lengo linarudi 37, sasa ubongo unaona amezidi, jasho linamtoka. Ndiyo maana bibi anasema blanketi limetoa homa. Jasho limekuja kwa sababu homa inashuka, halikuishusha.

Parasetamo inafanya kazi kwenye lengo hilo. Ndiyo maana haimsaidii mtu aliyechomwa na jua shambani akapanda 41, kwa sababu huyo lengo lake halijabadilika, ameshindwa tu kutoa joto. Huyo wa shambani akichanganyikiwa au kuzimia anahitaji maji ya baridi mwili mzima upesi sana na hospitali, mkichelewa ubongo unaharibika. Mtoto wa homa usimtumbukize maji baridi, anatetemeka na kujipasha zaidi. Mvalishe nguo nyepesi, mpe maji au nyonyesha, na umpeleke akapimwe malaria.

#21 Dele la Shaba
Dada Nesi, na degedege? Kwetu wanasema ni ndege wa usiku, mtoto anapelekwa kwa mganga kwanza.

#22 Nesi wa Zamu
Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 anaweza kupata degedege kwa homa yoyote inayopanda, na nyingi huisha zenyewe kwa dakika chache. Lakini malaria iliyopanda kichwani nayo inaanza hivyo hivyo, na homa ya uti wa mgongo pia. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, hata mimi siwezi. Mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, nenda hospitali. Mganga atasubiri.

Na wengi wanadhani parasetamo inazuia degedege. Inamfanya mtoto ajisikie vizuri, kuzuia haijaonekana inazuia.

#23 Dr Mashaka
Kuongezea kwa Nesi. Homa za malaria kuja kwa zamu si hadithi. Camillo Golgi kule Italia miaka ya 1880 aliona kwamba homa inapanda wakati ule ule vimelea vinapopasua chembe nyekundu za damu kwa pamoja. Kila saa 48 kwa aina nyingine, saa 72 kwa nyingine. Na kuna daktari wa Vienna, Julius Wagner-Jauregg, aliyewaambukiza wagonjwa wa kaswende iliyofika ubongoni malaria makusudi ili homa iue kaswende, kisha akawapa kwinini. Alipata Nobel 1927.

#24 Kichwa Ngumu
Kumbe mimi nilitibiwa kila msimu wa mvua bila kulipa.

#25 Mtoto wa Makete
Nyinyi wa pwani mnajadili joto, sisi Makete mwezi wa saba tunaamka umande umeganda majani meupe. Baridi yetu dawa yake ni ulanzi kama bado upo, au kinywaji kikali. Unashuka moto mpaka kifuani. Hili halina mjadala.

#26 Mpagazi wa Kibo
Mdogo wangu wa Makete, lina mjadala. Mimi napandisha wageni mlimani. Pombe inafungua mishipa ya ngozi, damu ya moto inakuja juu, unajisikia moto kwa sababu ngozi ndiyo inayohisi. Lakini umelitoa joto la ndani ukaligawia hewa ya Kibo. Na pombe inapunguza kutetemeka. Mtu wa hivyo akilala nje, asubuhi ni habari nyingine. Mwili ukishuka chini ya 35 mtu anaanza kujikwaa, ulimi mzito, anasema upuuzi, na ukimwambia tushuke anakataa. Wageni wanadhani amelewa tu.

Sisi tunatoa chai ya tangawizi na sukari nyingi, na nguo zilizolowa lazima zivuliwe. Nguo mbichi ya jasho ukisimama upepo unapiga ndiyo inayowamaliza.

#27 Mtoto wa Makete
Babu zangu walikunywa na wakaishi.

#28 Mpagazi wa Kibo
Walikunywa ndani, moto umewashwa katikati ya nyumba. Usiwasingizie wazee.

#29 Mzee wa Kofia
Vijana, mbona hamtaji kichwa? Nusu ya joto la mwili inatokea kichwani. Ndiyo maana kofia.

#30 Msoma Majarida
Mzee wangu shikamoo. Hilo limeenezwa na kitabu cha mafunzo cha jeshi la Marekani cha 1970. Kichwa cha mtu mzima ni kama asilimia 10 ya ngozi yote, na kinatoa joto kwa kiasi hicho hicho kikiachwa wazi. Kwa kichanga ni kweli zaidi, kichwa chake kikubwa kwa mwili wake. Tena kichanga hana nguvu ya kutetemeka, ana mafuta ya rangi ya kahawia mgongoni na shingoni yanayochomwa kuleta joto tu. Ndiyo maana njiti wanawekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi. Kina mama wa Bogotá, Kolombia, walianzishiwa hilo mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa kukosa mashine za kutosha, leo liko mpaka wodi zetu.

#31 Mzee wa Kofia
Marahaba. Kofia sivui.

#32 Binti Kibokoni
Mzee usivue 😂 Mimi nina la buibui. Kila mwaka wanaume waliovaa kanzu nyeupe watuonea huruma, ati nguo nyeusi yavuta jua. Mwasemaje?

#33 Ticha wa Fizikia
Nyeusi inavuta jua zaidi, hilo halina ubishi.

#34 Msoma Majarida
Lina ubishi, Mwalimu. Mwaka 1980 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa joho jeusi la Wabedui. Walisimamisha mtu juani jangwani, mara akiwa na joho jeusi, mara jeupe. Kitambaa cheusi kilipata moto zaidi, lakini joto lililofika ngozini lilikuwa sawa. Joho ni pana, hewa iliyo kati ya nguo na mwili inapata moto, inapanda na kutokea shingoni, inavuta nyingine chini. Joto la kitambaa linaondoka na hewa kabla ya kukufikia.

#35 Bint Maskati
Alhamdulillahi. Nalichapisha hili nalitundika sebuleni.

#36 Fundi Mafeni
Jangwani kuna upepo mkavu. Vichochoro vya Mji Mkongwe saa saba mchana huo upepo unatoka wapi? Na buibui la siku hizi la kitambaa cha plastiki, limebana, hewa itapanda kupitia wapi?

#37 Binti Kibokoni
Fundi nani kakwambia langu limebana?

#38 Naweka Mkeka
Fundi kimbia.

#39 Mkimbiaji wa Singida
Kwa wanamichezo joto ndilo mpinzani wa kwanza. Misuli inageuza robo tu ya chakula kuwa mwendo, iliyobaki yote joto. Mbio za marathoni za wanawake Doha 2019 walizianzisha dakika moja kabla ya saa sita usiku kukwepa jua, na bado nyuzi zilizidi 30 na unyevu mwingi. Walianza 68, wakamaliza 40. Mkenya Ruth Chepngetich akashinda kwa saa 2:32:43, muda ambao yeye siku ya kawaida anaukimbia akizungumza. Wiki mbili baadaye Kipchoge akakimbia 1:59:40 Vienna, asubuhi ya baridi. Hali ya hewa ni nusu ya mbio. Ndiyo maana Simbu wetu alipochukua dhahabu ya dunia Tokyo 2025, kwenye jasho lile, nilipiga kelele mpaka majirani wakaja.

Mwili unajifunza lakini. Ukifanya mazoezi kwenye joto wiki moja hadi mbili, jasho linaanza mapema, linakuwa jingi, chumvi inapungua ndani yake, na damu inaongezeka maji. Ukirudi baridini linapotea.

#40 Dr Mashaka
Na wakimbiaji kabla ya mbio za joto wanakunywa nini? Barafu iliyosagwa. Si kahawa ya moto. Mleta mada umeona?

#41 Mkaa Baraza
Wanakimbia hao, Dr. Wazee wamekaa.

#42 Dele la Shaba
Mimi nauza kahawa, nadhani nina haki ya kusema. Wateja wangu hawanywi kupoza mwili. Wanakunywa kuzungumza. Na jasho lenyewe faida yake ni kutoa sumu mwilini, ndiyo nafuu wanayoisikia.

#43 Nesi wa Zamu
Kaka, sumu zinatolewa na ini na figo. Jasho ni maji, chumvi, na vitu vingine kidogo mno. Kazi yake kubwa kukupoza. Ila hilo la kuzungumza sikukatalii.

#44 Msoma Majarida
Kuna maelezo mengine hayajaguswa. Tumboni nako kuna vihisio vya joto. Ukinywa maji ya barafu vinapeleka taarifa "baridi", na jasho linapungua hapo hapo, kabla ya joto la damu kubadilika. Cha moto kinafanya kinyume. Kwa hiyo usemi wa wazee kwamba barafu "inaongeza joto" una chembe ya ukweli: inakufungia jasho kidogo. Lakini barafu nayo inachukua joto, glasi ya maji ya nyuzi 5 inakula kilokalori 8. Kwa Unguja ambako jasho linadondoka tu, naona barafu inashinda. Ni maoni yangu.

#45 Ticha wa Fizikia
Jioni hakuna jua na kuna upepo wa bahari, jasho linakauka vya kutosha. Nabaki na nusu kijiko changu.

#46 Kichwa Ngumu
Na hiyo 37 mnayoililia tangu #1, nani aliipima?

#47 Dr Mashaka
Mara moja umeuliza la maana. Carl Wunderlich, Mjerumani, 1868, kwa vipimo vingi mno vya kwapani. Utafiti uliotoka Stanford 2020 ulionyesha Wamarekani wa leo wako chini ya wa zamani, karibu na 36.6. Wengine wanasema maambukizi sugu yamepungua, wengine wanasema nyumba zina viyoyozi mwili haufanyi kazi, wengine wanasema vipimajoto vya zamani vilikuwa vibovu. Kwa hiyo usishtuke ukisoma 36.4.

#48 Shangazi wa Tanga
Wanangu nimesoma kurasa zote. Mmesema wakimbiaji, watoto, wapagazi, Wabedui. Mbona sisi wa umri wangu hamtutaji? Nimekaa kivulini, upepo upo, ghafla moto unapanda kifuani mpaka usoni, jasho linatiririka, dakika tatu nne limepita, nabaki natetemeka. Usiku nafunua shuka, nafunika, nafunua. Mzee amehamia chumba cha pili.

#49 Nesi wa Zamu
Shikamoo Shangazi, pole. Hedhi ikikoma homoni inashuka na haipothalamasi inakuwa na subira ndogo. Mwanzoni joto likipanda kidogo ilikuwa inanyamaza. Sasa ongezeko dogo tu, kikombe cha chai, hasira, shuka nzito, inaamua umeungua: mishipa yote inafunguka, jasho linatoka. Kwa kuwa hukuwa na joto la kweli, unashuka kupita kiasi, ndipo unatetemeka. Dawa zipo, nenda kliniki usivumilie tu.

#50 Dele la Shaba
Shangazi kahawa upunguze, japo inaniuma kusema.

#51 Mzee wa Kofia
Mke wangu alipita hapo. Tuliambiwa ni mapepo, tuliambiwa presha. Hakuna aliyetuambia alichosema huyu binti wa zamu.

#52 Kichwa Ngumu
Mama mkwe wangu nikiingia tu sebuleni anaanza kujipepea na kufungua madirisha. Kumbe ni haipothalamasi. Nilidhani hanipendi.

#53 Shangazi wa Tanga
Mwanangu, akipepea hata wakati haupo ni haipothalamasi. Akianza ukiingia, hilo ni wewe.